Barua ya Ukurasa Mmoja

Mwanangu Kadzo,

Barua huanza kwa salamu, lakini wewe nimekusalimia leo asubuhi, tumekunywa chai pamoja, na nimekutazama ukivuka mto kwenda kumuaga shangazi yako Sidi. Utarudi kabla jua halijatua, maana mama yako anakupikia kambare wa nazi na wewe kwa kambare hujawahi kuchelewa. Kwa hiyo nina mchana huu tu. Nimekaa nyuma ya nyumba, nimeweka magotini ule mlango wa kabati uliong'oka, ndiyo meza yangu. Mama yako anadhani ninaandika majina ya kamati ya mafuriko.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutoazimana nguo na wasichana wa chuo, mama yako amekwambia mara tatu na jioni atakwambia mara ya nne. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na najijua: ukipanda basi la Kilifi kesho kabla sijalisema, sitalisema tena.

Ni ile barua ya shule ya bweni, mwaka ule ulipomaliza darasa la nane. Nilikwambia wamekukataa. Hawakukukataa.

Nimeandika maneno hayo, nikainuka, nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote, nikarudi. Bado yapo kwenye karatasi. Sasa nikueleze ilivyokuwa, na usitafute mahali pa kunitetea, kwa sababu wewe una tabia hiyo.

Unalikumbuka benchi la dukani kwa Abdullahi. Hata simu zilipojaa mifukoni, makaratasi ya serikali na ya shule yaliendelea kuletwa na madereva wa kutoka Hola, yanaachwa kwa Abdullahi, na hayafunguliwi mpaka watu wakusanyike. Hapa kwetu habari ya mtu ni habari ya wote. Na msomaji nilikuwa mimi. Nilisoma mpaka darasa la nne, Kiswahili nakisoma vizuri, na sauti ninayo. Abdullahi alikuwa akinipangusia benchi kwa kitambaa chake cha mizani, ananipa chai kabla ya wengine, anasema, "Warya Charo," yaani ewe bwana Charo kwa Kisomali chake, "soma tusikie." Nilikuwa napenda kuitwa hivyo kuliko nilivyopenda chai.

Shida ni kwamba karatasi nyingi zilikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza sikukijua. Nilijua herufi, nilijua tarehe, nilijua majina ya mahali. Barua zenyewe zilikuwa za mambo yale yale: mkutano, chakula cha msaada, chanjo ya ng'ombe wa Waorma. Nikiona tarehe na jina la Garsen au Minjila, nabahatisha, na mara nyingi napatia. Siku nilipokosea na watu wakaenda mkutano ambao haukuwepo, waliilaumu serikali. Mimi nililaumu pamoja nao, tena kwa sauti.

Kisha ukazaliwa wewe, nikakupa jina la mama yangu, ukakua ukiwa na akili kama yake. Ulipofika darasa la tano ukaanza kuniletea daftari la Kiingereza. Mwalimu wenu alitaka mzazi aangalie kazi ya nyumbani na kutia sahihi. Mambo yalikuwa mafupi mafupi: hadithi ya aya mbili, maswali matano chini yake, halafu sentensi za kujaza mapengo. Ulikaa karibu yangu ukisubiri. Ningeweza kusema, "Mama, hiki sikijui, nisomee." Ungefurahi sana kunisomea, nakujua. Badala yake nilichukua kalamu nyekundu, nikakunja uso kama ninayepima, nikatia tiki kila mstari. Wakati mwingine niliruka mmoja, nikautia alama ya kosa, ili nionekane nimechunguza. Nimewaza sana juu ya hiyo mistari niliyoikata. Huenda ilikuwa ndiyo sahihi, na wewe ukaenda ukaifuta.

Nakuja kwenye barua yenyewe.

Ulikuwa umefanya mtihani wako vizuri kuliko mtoto yeyote hapa, na mwalimu mkuu alikuwa amekuandikia maombi ya nafasi ya kulipiwa katika ile shule ya bweni ya bara. Tulisubiri. Mafuriko yalikuwa yamepita, tunapanda upya. Siku ile Abdullahi alimtuma mtu aniite. Nilifika nikakuta benchi limejaa. Bahasha ilikuwa na jina lako, imepigwa kwa mashine. Ningeweza kuitia mfukoni nikaja nayo nyumbani, ni hatua mia tatu. Lakini watu walikuwa pale, na nilitaka wasikie jinsi mtoto wa Charo alivyochaguliwa, na wasikie kutoka kinywani mwangu.

Nikafungua. Ndani mlikuwa na karatasi moja. Moja tu.

Miaka miwili kabla ya hapo Kahindi, mtoto wa jirani, alipata shule, na bahasha yake ilikuwa nene kama mkate: fomu, orodha ya blanketi na ndoo na jembe, karatasi za daktari. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu ya barua za shule. Bahasha nene, umepata. Bahasha nyembamba, umekosa. Niliona jina lako, nikaona neno Hola, nikaona tarehe. Nikajiambia Hola ni mahali ilikotoka. Watu wote walinitazama. Abdullahi akaacha kupima sukari.

Nikasoma. Yaani nilisema. Nilisema kwamba wanashukuru sana kwa maombi, kwamba mtoto ana bidii, lakini nafasi zimejaa mwaka huu. Niliyasema kwa Kiswahili kizuri, nikitua pale anapotua mtu anayetafsiri. Wanawake wakasema pole. Abdullahi akafunga nusu kilo ya sukari, akanipa, akasema ni ya mtoto. Ulikunywa chai ya sukari hiyo wiki nzima.

Nimejiuliza mara nyingi kama kweli niliamini nilichosema. Nitakwambia kama ilivyo, hata kama ni aibu. Sikujua barua inasema nini, lakini nilijua kwamba sijui. Hilo nililijua wazi. Na kulikuwa na kitu kingine. Shule ile nilikuwa nimesikia kwamba wazazi huitwa, wanaketishwa mbele ya mkuu, na mkuu huongea Kiingereza. Nilikuwa nimeota siku hiyo, wewe umekaa pembeni yangu na sare mpya, na mimi sina la kujibu. Nilipoona karatasi moja, sehemu fulani ya moyo wangu ilipumua. Ndiyo hiyo sehemu nisiyoweza kuisamehe.

Ukasikia habari kisimani kabla hata sijafika nyumbani. Ulikuja mbio, hukulia. Ulisema, "Baba, naomba niione barua."

Ungeisoma wewe. Ungeisoma kwa dakika moja tukiwa tumesimama pale mlangoni, na tungepata kicheko cha kucheka maisha yetu yote. Mimi nilikukaripia. Nilikuuliza tangu lini mtoto anamkagua baba yake, na kama unadhani baba yako hajui kusoma. Mama yako alikuwa jikoni, akatoka kuchungulia, kwa sababu sikuwa na kawaida ya kupaza sauti. Wewe ulinitazama, kisha ukapiga goti moja kama mlivyofundishwa na nyanya yenu, ukasema, "Nisamehe, baba."

Nilikuitikia. Nilisema yameisha. Barua nikaifungia kwenye sanduku la bati, chini ya hati za shamba.

Mwaka mzima ukakaa nyumbani. Ulilima, ulifukuza nyani kwenye mahindi, uliuza maembe barabarani. Wenzako wakirudi likizo ulikuwa ukienda ng'ambo kwa Sidi mpaka waondoke. Mama yako, ambaye naye aliniamini mimi, alikwambia siku moja kwamba labda hukujibu vizuri kwenye mtihani wa Kiingereza. Nilikuwepo. Nilikuwa nanoa jembe, nikaendelea kunoa.

Ulipoingia shule ya kutwa mwaka uliofuata, ulikuwa umebadilika. Kidato cha pili mwalimu wako wa Kiingereza aliniita, akaniambia unaandika vizuri kuliko darasa zima lakini darasani hufungui mdomo, na akikuuliza unasema hujui hata kama unajua. Nilirudi nikakusema kwa hilo. Nilikwambia uache uoga. Mimi, Kadzo, nilikwambia wewe uache uoga. Ulijibu kwa upole tu kwamba Kiingereza si chako, kwamba watu wa bara waliliona hilo mapema. Nilisikia maneno hayo, nikaenda kulala.

Sasa jambo usilolijua. Zile jioni za Jumanne na Alhamisi nilizosema nina mkutano wa kamati ya mafuriko, miaka miwili hii, hakukuwa na mkutano. Hakuna kamati duniani inayokutana hivyo. Nilikuwa kwenye darasa la ngumbaru, pale kanisani, kwa mwalimu Halima, yule binti wa Kipokomo anayeendesha pikipiki.

Usidhani nilikwenda kwa unyenyekevu. Nilikwenda kumsaidia mwalimu! Chifu alitangaza darasa, nikaona msomaji wa kijiji hawezi kukosekana. Siku ya kwanza Halima akatugawia vijitabu. Kila ukurasa una kisomo kifupi, maswali matano, na mazoezi ya sarufi. Nilikijua kitabu hicho kabla sijakifungua, kwa sababu ndivyo daftari lako lilivyokuwa. Akaniomba nisome cha kwanza. Nikasimama, nikakisoma chote kwa sauti ya dukani, kila herufi nikiitamka kama ya Kiswahili. Watu wakapiga makofi. Halima hakucheka. Aliniuliza, "Imesema nini, baba?"

Miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilisimama na kijitabu mkononi. Bi Hawa, yule mama wa Kiorma anayeuza maziwa Garsen, ambaye nimemsomea barua zake zote, alinivuta shati. "Hajui," akamwambia mwalimu. "Mimi pia hapana jua. Charo, kaa chini, sisi soma pamoja."

Nikakaa. Mwanangu, nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na ilikuwa mara ya kwanza kukaa darasani bila kuogopa.

Kisomo cha kwanza kilikuwa cha mtu anayekwenda sokoni kununua baiskeli. Kilinichukua wiki mbili. Kisha mwanamke anayempeleka mtoto kliniki, kisha shamba, kisha safari. Mambo madogo tu, ambayo nikiyasikia kwa Kiswahili nisingeyasikiliza mara mbili. Lakini nilipofika mwisho wa kisomo nikajua yule mtu alinunua baiskeli nyeusi na si nyekundu, na nikajua kwa sababu karatasi imeniambia na si kwa sababu nimebahatisha, nilitembea kurudi nyumbani nikijiimbia. Mazoezi ya sarufi yalinitesa. Halima alinikata mstari baada ya mstari, na chini anaandika kwa nini. Kumbe ndivyo inavyokuwa mtu akikuangalia kazi yako kweli.

Vijitabu vilipoisha nikataka visomo zaidi, na sikuwa navyo. Nikakumbuka daftari zako kwenye sanduku la bati. Nikaanza kuzisoma huko shambani mchana, moja moja, na kamusi ya Halima. Ndipo nikaanza kuziona tiki zangu. Umejaza pengo vibaya, tiki. Hukujibu swali kabisa, tiki.

Katika daftari la darasa la saba kuna insha fupi inayohusu baba. Aya mbili. Umeandika kwamba baba yako husoma barua za kijiji kizima na hamdharau mtu yeyote asiyejua kusoma. Umeandika kwamba ukiwa mkubwa unataka kusoma kama yeye. Chini yake kuna tiki kubwa nyekundu, na sahihi yangu. Nilikuwa nimeisahihisha bila kujua kwamba inanihusu.

Siku hiyo ndiyo niliyoitoa barua kutoka chini ya hati za shamba. Ilinichukua alasiri tatu. Si ndefu, nilikwambia ni ukurasa mmoja. Inasema wamefurahi kukuarifu kwamba umepata nafasi, na kwamba imelipiwa miaka yote minne. Inasema ufike Hola siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi, wewe na mzazi wako, na cheti chako cha kuzaliwa, mjaze fomu zilizobaki hapo hapo. Inasema asiyefika, nafasi yake itapewa mwingine.

Sikujiamini. Nilimpelekea Halima, nimekunja pale penye jina lako, nikamwambia ni kisomo nilichookota. Nikamweleza kwa Kiswahili nilivyoelewa. Akaisoma, akaniambia, "Umeelewa yote, baba. Hapana hata kosa moja." Lilikuwa zoezi la kwanza nililopata lote, na nilitamani niwe nimekosea.

Alhamisi ile, Kadzo, nimejaribu kuikumbuka. Ilikuwa wakati ule wa kupanda upya, ardhi bado mbichi. Tulikuwa shambani mimi na wewe. Hola kulikuwa na mtu amekaa na fomu zako mezani, anatazama mlango. Mimi nilikuwa nachimba mashimo na wewe unanifuata nyuma unatia mbegu.

Hayo nimeyajua tangu miezi mitatu iliyopita. Kwanza nikasema nisubiri upate majibu ya chuo, nisikuvuruge. Ukapata. Nikasema nisubiri tufanye sherehe. Tukafanya. Nimegundua kwamba mtu aliyezoea kubahatisha huzoea pia kungoja, akitumaini mambo yatajisema yenyewe.

Huko unakokwenda utafundishwa udaktari kwa Kiingereza, na walimu watataka mseme. Najua utakavyofanya. Utakaa nyuma, utaandika kila kitu, na ukiulizwa utasema hujui. Sikulaumu, nilikufundisha mimi. Lakini unapokaa hapo nyuma nataka ujue jambo hili tu: yule mtu wa bara aliyeona kwamba Kiingereza si chako hakuwepo. Hakuna mtu kama huyo. Aliyekuwepo ni baba yako na karatasi asiyoweza kuisoma. Watu wa bara walikuona, wakakutaka, wakakuandikia.

Na siku ambayo hujui kweli, mwanangu, nyanyua mkono na useme hujui, mapema, jambo likiwa bado dogo. Aibu yake inakwisha siku hiyo hiyo. Hii yangu ilianza kwa jambo dogo, na imekula mwaka wako mmoja na sauti yako.

Mama yako bado hajui. Nitamwambia leo baada yako. Nilitaka kwenda dukani kwanza, niwakusanye wale wale na niwasomee upya, ilivyo. Nilikuwa nimefika nusu ya njia nikarudi. Nilikuwa nakwenda tena kuifungua barua yako mbele za watu. Kama unataka isomwe dukani, tutaisoma kesho kabla ya basi, mimi au wewe. Kama hutaki ijulikane na yeyote, itakuwa hivyo. Barua ni yako.

Nilifikiria pia kuificha hii kwenye sanduku lako la safari, uikute Kilifi, mimi nikiwa mbali. Nimeona hiyo ni njia yangu ya siku zote, kwa hiyo naziweka zote mbili kitandani pako sasa hivi, hii na ile. Anza na ile. Ipo kwenye bahasha yake.

Sitasimama hapo ukisoma. Nitakuwa chini kwenye migomba, upande wa mto, na sitaondoka mpaka uje au mpaka giza liingie. Ukija na hasira, njoo nazo, nimezingoja miaka yote hii. Ukiamua kutokuja, kesho nitabeba sanduku lako mpaka stendi na sitakuuliza neno. Ila nakuomba kitu kimoja. Ukinikuta huko shambani, usipige goti.

Baba yako,
Charo